Umeme wa maji ni safi, ila nilimkosesha mtoto wa watu

Najua nimepotea, na wale mlioniandikia kuuliza kama nimedisko, jibu ni hapana, bado nipo nipo sana. Nilikuwa BTP, wiki nane kwenye shule moja ya kata huko Rufiji, mahali ambapo mtandao mpaka upande kichuguu cha nyuma ya nyumba za walimu ndiyo ujumbe uende. Nimerudi kampasi Jumapili. Begi bado halijafunguliwa vizuri, na kuna jambo linaniwasha tangu huko. Nalitoa hapa kwa sababu kwenye fomu ya BTP hakuna nafasi ya kuliandika.

Mnajua masomo yangu ya kufundishia ni Jiografia na Baiolojia. Nilipewa kidato cha tatu Jiografia, tukafika kwenye nishati. Nikafundisha kama nilivyofundishwa mimi miaka ile: makaa ya mawe yanachafua hewa, mafuta yanachafua hewa, kuni na mkaa vinamaliza misitu, umeme wa maji ni safi. Haya, nukuu, geuza ukurasa. Ijumaa nikawapa jaribio. Swali la nne (nawatafsiria) liliwataka waeleze sababu mbili za umeme wa maji kuitwa nishati safi.

Kijana mmoja mpole, anayekaa dawati la nyuma karibu na dirisha, aliandika sababu moja tu, kwamba hautoi moshi. Chini yake akaandika kwamba sababu ya pili hana, kwa kuwa umeme huo unabadilisha mto na watu wa chini ya bwawa wanapata hasara. Nikapiga X. X kubwa ya kalamu nyekundu, na pembeni nikaandika "soma swali".

Jumatatu akanifuata chini ya mwembe ambapo walimu huwa tunakunywa chai. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba." Akasimama kidogo, kisha akauliza: "Samahani mwalimu, wewe mlau umewahi kuuona?"

Jamani, sikuwa hata nalijua neno lenyewe. Mwaka wa tatu chuo kikuu, Jiografia, nimepata B+ ya rasilimali za maji, na mtoto wa kidato cha tatu ananiuliza neno nabaki nakoroga chai.

Mlau, kwa msiojua kama mimi, ni kilimo cha baada ya mafuriko. Mto Rufiji kawaida hufura wakati wa masika, maji yanatoka kwenye kingo na kutandaa kwenye bonde, yanakaa, halafu yanarudi taratibu. Yakirudi yanaacha tope laini lenye rutuba na unyevu ardhini. Hapo ndipo watu wanapanda mahindi, kunde na mboga wakati mvua yenyewe imeshakwisha. Hakuna mbolea ya dukani, hakuna pampu. Mto ndiyo pampu na mto ndiyo mbolea. Maji hayo hayo yanajaza mabwawa ya asili pembeni ya mto, samaki wanaingia humo kuzaana. Kwa hiyo sisi wa mjini tukisikia "mafuriko Rufiji" tunasikia maafa tu, kumbe mwenyeji akisikia neno hilo hilo anauliza kwanza: makubwa kiasi gani, na yamekuja mwezi gani?

Jumamosi kijana akanipeleka kwa babu yake. Mzee alikuwa amekaa barazani anasuka mtego wa samaki. Nilipomsalimu akaitikia "marahaba mwanangu" na kabla sijaeleza kilichonileta akasema, "Wewe ndiye mwalimu wa X." Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hakuwa na ubaya, alicheka mwenyewe, akaniagizia dafu.

Alinisimulia kwamba baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamisha kutoka bondeni kwenda kukaa juu, na watu waliendelea kushuka bondeni kulima, wakijenga madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, ili kulinda mazao dhidi ya nguruwe na viboko. Maana yake ni kwamba hata baada ya maji kuwatisha hawakuacha mto. Anachokilalamikia sasa ni kutojua. Zamani, alisema, walikuwa wanatazama mawingu ya huko juu, wanatazama rangi ya maji, wanajua siku zimebaki ngapi. Sasa maji yapo mikononi mwa mtu asiyemjua, na mtu huyo hana namba yake ya simu.

Sasa tuongee bwawa lenyewe. Bwawa la Julius Nyerere lipo kwenye Mto Rufiji, pale palipokuwa pakiitwa Stiegler's Gorge. Mpango ni wa zamani, tangu enzi za Mwalimu. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni mbili za Misri, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme Februari 2024, na 2025 mitambo yote tisa ikawa imekamilika. Kila mmoja una megawati 235, jumla 2,115. Ili upate picha, jumlisha Kidatu megawati 204, Kihansi 180, Mtera 80, Pangani 68, Hale 21 na Nyumba ya Mungu 8. Bwawa hili moja ni zaidi ya mara tatu ya hayo yote pamoja.

Na mimi sijifanyi sijui faida yake. Mgao wa mwishoni mwa 2023 nilikuwepo. Tulisoma vimbwetani kwa tochi za simu, simu zikazima tukaenda kulala, na mama yangu anauza barafu na juisi nyumbani, kwa hiyo hesabu ya mgao kwetu ilikuwa inafanyika kwa shilingi. Mtu akiniambia lile bwawa lisingejengwa, nitamuuliza mama yangu angekula nini. Hilo tuliweke pembeni limalizike.

Ninachokataa ni neno "safi" likiachwa peke yake kama vile maelezo yamekamilika.

Ukifikiri vizuri, jambo lenyewe si gumu. Mtambo wa umeme unataka maji yanayokuja sawasawa Januari hadi Desemba, maana watu wanawasha taa kila siku. Ndiyo sababu ya kuweka bwawa: unachukua maji ya masika unayatunza, unayatoa kidogo kidogo kiangazi. Lakini bonde la chini linaishi kwa kinyume chake. Linataka mto upande na ushuke. Likipata mto uliotulia mwaka mzima, tope halifiki shambani, vile vibwawa vya pembeni havijai, mlau haupo. Na tope lenyewe linatuama nyuma ya ukuta wa bwawa, linabaki huko huko. Kule chini kabisa kuna delta yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko Afrika Mashariki, na kambamiti wanaokulia humo. Mikoko inasimama juu ya tope lililoletwa na mto. Maji baridi ya mto ndiyo yanayosukuma chumvi ya bahari isipande kwenye majaruba ya mpunga. Hayo yote hayana moshi, kwa hiyo kwenye somo langu la "nishati safi" hayakuonekana.

Nilimuuliza babu kuhusu Aprili 2024. Mnakumbuka, Rufiji na Kibiti zilizama, nyumba na mashamba vikaenda. Wakazi wengi walisema maji yamefunguliwa kutoka bwawani. Serikali ikasema mvua zilikuwa kubwa mno, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Watu wakagawanyika pande mbili mpaka leo, ukisema hivi wewe mpinga maendeleo, ukisema vile wewe chawa. Mimi naona mnaweza kuelewana mkikubali kitu kimoja: bwawa tupu linazuia mafuriko, bwawa lililojaa haliwezi. Likijaa, kinachoingia lazima kitoke, la sivyo unahatarisha ukuta wenyewe. Na hapa ndipo kwenye mtego. Mtu wa umeme anataka bwawa lijae, mtu wa kuzuia mafuriko anataka libaki na nafasi. Haiwezekani bwawa moja liwaridhishe wote wawili kwa asilimia mia siku hiyo hiyo. Kuna mtu lazima aamue libaki na nafasi kiasi gani mwezi gani, na uamuzi huo unamgusa babu kuliko unavyomgusa mtu yeyote anayesoma hapa.

Mwenzangu wa rumu anasoma uhandisi. Nilipomwambia haya Jumapili usiku alicheka mpaka akakaa kitandani. "Yaani wewe na vyura wako!" Kwa sababu anajua mimi nina ugonjwa wa chura wa Kihansi. Wale wa Baiolojia mnaijua habari hii, wengine nivumilieni, kwa sababu ndiyo inayonifanya nisiamini msemo wa "tutashughulikia baadaye".

Kihansi ipo kwenye milima ya Udzungwa. Maporomoko yake yalikuwa yanatoa manyunyu mfululizo, na kwenye manyunyu hayo, eneo la hekta chache tu, palikuwa na chura mdogo wa rangi ya njano, hafiki hata sentimita tatu, hatagi mayai bali anazaa vitoto vilivyokamilika. Hayupo mahali pengine popote duniani. Wanasayansi walimgundua 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Mitambo ikaanza kazi kati ya 1999 na 2000, maji yakageuzwa kuingia kwenye handaki, na maporomoko yakapoteza karibu asilimia 90 ya maji yake. Manyunyu yakaisha.

Ikabidi watu waweke mabomba na vinyunyizio korongoni, eti kuigiza maporomoko. Mwaka 2000 chura karibu 500 wakapandishwa ndege kwenda Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama. Vinyunyizio vilisaidia kwa muda. Juni 2003 makadirio yalikuwa karibu chura 20,000. Halafu wakaporomoka, na ugonjwa wa fangasi unaoua vyura duniani ukaonekana kwao. Januari 2004 walionekana watatu tu. Watatu! Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka uliofuata chura 100 wakarudishwa nchini, wakafugwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao.

Rafiki yangu anasema: chura mmoja na megawati 180, unachagua nini? Swali hilo nalikataa lilivyoundwa. Hakuna aliyehitaji kuchagua kati ya chura na umeme. Kilichotakiwa ni kiasi kidogo cha maji kuachwa kipite kwenye maporomoko, na kiasi hicho kijulikane kabla ya kupanga ukubwa wa mitambo. Badala yake kilijulikana baadaye, kikawa ugomvi wa kuomba maji ambayo tayari yameshauzwa kama umeme. Ukichelewa kuhesabu, unalipa mabomba, ndege, maabara na miaka zaidi ya kumi. Na hapo tunazungumzia chura ambaye alipata bahati ya kuwa wa pekee duniani, wazungu wakamjua. Mkulima wa mlau si wa pekee, wapo maelfu, nani atawapandisha ndege?

Kuna upande wa pili ambao mwenzangu alikubali bila ubishi, wa juu ya bwawa. Bwawa nalo linategemea mto uliofika. Ruaha Mkuu, unaolisha Mtera na Kidatu, ulikuwa unatiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Ruaha, lakini tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi, viboko wanabanana kwenye madimbwi. Sababu kubwa ni maji yanayochukuliwa huko juu Usangu kwa ajili ya mpunga. Tena mpunga tunaoula sisi, sitaki kumlaumu mtu. Mwaka 2006 ukame ulipobana nchi ikaingia gizani kwa sababu mabwawa yalikuwa hayana maji. Nilikuwa mtoto mdogo mno, naisoma tu. Kwa Rufiji, sehemu kubwa ya maji, kama asilimia 60, inatoka Kilombero. Kwa hiyo mtu anayekata msitu au kukausha oevu la Kilombero anacheza na swichi ya rumu yetu, na hata hajui.

Halafu kuna lile ziwa lenyewe nyuma ya ukuta, zaidi ya kilomita za mraba 900 ndani ya iliyokuwa Selous. Miti na majani yaliyofunikwa na maji yanaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko hewa ya ukaa. Hautoi moshi, sawa, ila hauwezi kusema hautoi kitu. Ziwa litaleta samaki pia, kama Mtera ilivyoleta, mpaka leo samaki wa Mtera wanauzwa barabarani ukipita kwenda Iringa. Faida ni faida, nazo ziandikwe.

Mwenzangu alinishika mahali pamoja tu. Aliniuliza, "Basi ungechoma nini? Makaa ya mawe? Gesi? Au turudi kwenye mkaa, wewe unayelilia misitu?" Sikuwa na jibu la haraka, na nikikaa nikafikiri bado naona angalau kwa leo tunalihitaji bwawa. Lakini ni tofauti kusema "tunalihitaji" na kusema "ni safi". Anayesema tunalihitaji anajua kuna anayelipa, atamuuliza ni kiasi gani. Anayesema ni safi ameshafunga daftari.

Mimi ningekuwa na sauti ningedai vitu viwili, wala si vya gharama ya kutisha. La kwanza, ratiba ya maji. Kama tunaweza kutumiwa ujumbe wa simu kwamba umeme utakatika Jumanne kwa ajili ya matengenezo, kwa nini babu asipate ujumbe kwamba wiki ijayo maji yataongezeka kwa kiasi hiki? Kila mwaka itangazwe wazi, kwa Kiswahili, bwawa linatarajiwa kuwa na maji kiasi gani, yatatolewa kiasi gani na lini. Na ndani ya ratiba hiyo liwepo furiko la kupangwa, dogo, la masika, kwa ajili ya bonde. Tope la nyuma ya ukuta halitakuja nalo, hilo najua, ila walau unyevu utafika na samaki watapata njia ya kuingia mabwawani. Ndiyo, itamaanisha siku kadhaa maji mengine yapite bila kuzungusha mtambo. Hiyo ndiyo bei, na sisi tunaochaji simu ndio tunaopaswa kuilipa. Mbona hesabu za bonde la chini zipo siku nyingi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandika kuhusu mlau na mafuriko ya Rufiji tangu miaka ya 1970, kabla wengi wa wazazi wetu hawajaanza darasa la kwanza.

La pili linatuhusu sisi walimu watarajiwa. Nilirudi shule Jumatatu, nikaomba madaftari yote, nikafuta lile X na kumpa kijana alama zake mbili. Halafu nikafundisha kipindi upya, nikawaacha wao waeleze mlau mimi nikiandika ubaoni. Mkuu wa idara akaniita pembeni. Hakunigombeza, ni mtu mwema, alinisaidia sana hata kupata chumba. Aliniambia, "Mwalimu, usiwachanganye watoto. Mtihani wa taifa unataka jibu moja." Nikamjibu ndiyo mzee, nimekuelewa. Na kweli nilimwelewa, maana yule kijana akiandika hivyo mwakani kwenye mtihani wa mwisho, msahihishaji atakuwa mtu amekaa mbali na mto, ana mwongozo mkononi na marundo ya karatasi mbele yake, kama nilivyokuwa mimi.

Kwa hiyo siku ya mwisho nilifanya kitu ambacho sina uhakika kama ni sahihi, nyie mtaniambia. Nilimwambia aandike sababu mbili wanazozitaka, apate alama zake, na mlau auandike pale watakapouliza madhara. Alisema "sawa mwalimu", akainamisha kichwa, akaenda kuchukua jembe maana ilikuwa zamu yao ya bustani. Hakuonekana mtu aliyesaidiwa.

Wale mnaosubiri BTP mwaka ujao, hasa mtakaopangiwa Rufiji, Kilombero au Usangu, mngefanyaje? Nipeni mawazo, ripoti yenyewe naikabidhi Alhamisi.